Mama Ikupa Asiyeinama

Leo Jumamosi, tarehe 28 Juni 2025, Mama Ikupa Mwakatundu anastaafu baada ya kulitumikia duka letu la vitambaa na sare za shule, hapa Iringa mjini, kwa miaka ishirini na sita. Alianza kama mpangaji wa rafu za juu. Anaondoka akiwa msimamizi wa kaunta, mtu ambaye wateja wa Kilolo na Mufindi humuulizia kwa jina kabla hawajauliza bei.

Mimi ni Bijal, mjukuu wa marehemu mwenye duka, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Jioni na siku za likizo nakaa kaunta, upande wake wa kulia. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza. Kiswahili cha darasani ninacho, ila hiki ninachokipenda nimekiokota kaunta, na aliyekuwa akikidondosha ni yeye. Baba alinipa kazi hii akasema, "Andika kitu kifupi, cha kuchekesha. Watu watakuwa wanakula pilau." Nimejaribu, Baba. Cha kuchekesha kipo. Lakini mimi ni mtu wa kuona haya, mbele ya watu sauti inanikauka, na karatasi hii ndiyo nafasi pekee niliyopewa. Kwa hiyo nimeandika na yale mengine. Mama Ikupa ameyasikia hayo, nilimsomea nyumbani kwake Kihesa, na ameruhusu.

Tuanze na jicho, maana ndilo lililoiendesha safari yote ya kazi yake, na wengi humu ukumbini mmelizungumza bila kulijua.

Nyuma ya jicho la kushoto la Mama Ikupa, ndani ya shimo la mfupa ambamo jicho hukaa, kuna mishipa ya damu isiyo ya kawaida. Alizaliwa nayo. Ni mipana na milegevu kuliko inavyotakiwa. Akisimama wima damu inashuka, mishipa inasinyaa, na jicho linazama kidogo, linaonekana dogo kuliko mwenzake. Akiinamisha kichwa, au akikohoa kwa nguvu, au akibana pumzi ainue mzigo, damu inajaa kule nyuma kama maji yanavyojaa kwenye jaruba la mpunga ukifungua mfereji, na jicho linasukumwa mbele. Linatoka kweli, hadi kope zinashindwa kulifunika. Linauma, na anaona vitu viwili viwili. Akinyanyua kichwa, baada ya muda linarudi mahali pake. Si uchawi, haliambukizi, wala si pombe. Ni mishipa tu. Hatari yake kubwa ni kwamba siku mshipa ukipasuka, damu inamwagika nyuma ya jicho, haina pa kutokea, inalibana mpaka linaacha kuona.

Alizaliwa upande wa Mbeya kwenye baridi, lakini alipofikia umri wa kufanya kazi alipelekwa Rujewa kwa mjomba wake aliyekodi majaruba. Kupandikiza mpunga ni kuinama asubuhi mpaka jioni, wanawake wamejipanga mstari mmoja, wanarudi nyuma pamoja. Siku ya kwanza tu, mwenzake wa karibu alimgeukia kumwomba miche, akaliona jicho. Alipiga yowe, mstari mzima ukatawanyika majini, miche ikabaki inaelea. Mama Ikupa akisimulia sehemu hii hucheka. Anasema hakuwahi kujua kwamba wanawake wenye watoto mgongoni wanaweza kukimbia hivyo kwenye tope. Mwenye jaruba la jirani hakucheka. "Huyo asikanyage kwangu," alisema, "mpunga utakauka." Baadaye alijaribu kupandikiza akiwa amechuchumaa, uso juu, anapapasa tope kwa vidole. Wakamwita bata. Jina la bata angelivumilia, la mchawi hakuliweza. Akapanda lori la mchele kuja Iringa, akiwa ameapa kwamba hakuna mtu mwingine atakayemwona ameinama.

Aliyemwajiri ni marehemu babu yangu, Premji. Mama Ikupa alimweleza ukweli, wao wawili tu, akamwomba asimwambie mtu. Babu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwonyesha ngazi akasema, "Basi wewe utafanya kazi juu." Huo ndio ulikuwa mkataba. Vitambaa vya rafu za juu vikawa vyake, vya chini fundi Clement akawa anamtolea. Babu alipofariki siri ilikwenda naye, na sisi tuliobaki tukawa tunaona vitu tusivyovielewa na kuvipa majina tunayoyataka.

Mfano ni kreti. Watoto wa mji huu waliopimwa sare kwetu wote wamesimama juu ya kreti la soda lililogeuzwa. "Panda, mheshimiwa," Mama Ikupa alikuwa akiwaambia, na wao wanapanda, wanavimba vifua, yeye anapima urefu wa sketi au suruali akiwa amesimama wima. Kuna mmoja aliyekataa kushuka mpaka mama yake alipomwahidi soksi mpya. Wazazi wakasema, jamani, huyu mama anapenda watoto! Ni kweli anawapenda. Lakini kreti lilikuwa la jicho.

Ni yeye pia aliyeanzisha utaratibu wa kuacha upindo wa vidole vinne kwenye kila sketi, ili mtoto akue pamoja na sare yake. Fundi Clement alilalamika mwaka mzima. "Huu upindo unakula kitambaa kuliko mtoto mwenyewe," alisema. Januari iliyofuata foleni ilifika barabarani, na Clement akaacha kulalamika, akaanza kuwaambia wateja kwamba wazo lilikuwa lake. Mama Ikupa alimwachia. "Mpe," aliniambia, "mwanaume akikosa cha kujivunia anaharibu cherehani."

Kreti lilimpa jina zuri. Mengine tuliyompa hayakuwa mazuri. Kwa kuwa jicho moja lilikuwa limezama, na siku nyingine jekundu, Juliana wa keshia alimsalimia asubuhi kwa jina la kabila lake, "Mnyaki, ulanzi wa jana ulikuwa mtamu, eh?" Naye, Mmoraviani asiyeonja hata togwa iliyochacha, alijibu, "Mtamu mno. Nilikuwekea, ukachelewa."

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Alipoolewa na Mzee Jailos alitakiwa kumsalimia mama mkwe inavyopasa, yaani apige magoti, ainamishe uso, asubiri kuitikiwa. Magoti alipiga vizuri sana. Uso akauacha juu, macho kwa macho na mkwe wake. "Huyu amekuja kunisalimia au kunikagua?" yule bibi aliuliza. "Ananitazama kama trafiki!" Mzee Jailos alijua sababu, lakini mkewe alimkataza kuisema, kwa hiyo kwa miaka mingi pale Kihesa aliitwa Trafiki. Kanisani nako alisali uso juu. Wakasema ana kiburi hata mbele za Mungu.

Nakiri kwamba nikiwa mdogo nilidhani kiburi ni kitu kama urefu, mtu anazaliwa nacho, na Mama Ikupa amezaliwa na kingi. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Ilikuwa hewani tu, kama harufu ya vitambaa vipya.

Sasa Diwali.

Kila Diwali wafanyakazi hupanda nyumbani kwetu, ghorofani juu ya duka. Bibi yangu Kumud, ambaye nyote mnamwita Ba, huketi kwenye kiti chake. Mmoja mmoja huinama na kugusa miguu yake, Ba anamwekea mkono kichwani na kumbariki, kisha anapewa ladu, donge letu la unga na sukari, na kitenge. Kwetu kugusa miguu ya mzee ni heshima, na mila hiyo mimi naipenda. Wakati wa Babu, aliyetaka aliinama, asiyetaka alipewa mkono. Babu alipoondoka hakuna aliyetamka kwamba imekuwa lazima. Ikawa lazima tu. Na kila mwaka Mama Ikupa alijitolea kubaki chini kulinda duka. "Nendeni, mimi ladu langu nitalila hukuhuku," alisema. Wengine wakamwona mchapakazi. Wengi wakamwona ana maringo.

Mwaka jana Baba alikuwa ameajiri mlinzi. Juliana akamshika mkono Mama Ikupa. "Leo huna pa kukimbilia, Mnyaki." Alipanda, akasimama nyuma karibu na mlango, lakini Baba alimwona.

"Mama Ikupa, njoo na wewe."

"Bosi, mgongo unanisumbua."

"Mgongo huu unaopanda ngazi kutwa?" Juliana alisema, na watu wakaangua kicheko.

Angeweza kusema ukweli palepale. Lakini aseme nini, mbele ya watu wote wale wenye ladu mkononi? Kwamba nikiinama jicho langu hutoka? Alishawahi kuona mstari mzima ukitawanyika. Ndipo Ba akasema, taratibu, bila hasira yoyote, "Mwacheni. Si kila mtu anaweza kuinama kwa mzee."

Hapo hakuna aliyecheka. Mama Ikupa alitembea mpaka kwenye kiti, akainama.

Baraka ya Ba ni ndefu, na kwa mtu aliyemsubiri miaka yote hiyo aliirefusha zaidi, kwa upendo. Baba alikuwa anapiga picha kwa simu. "Bado, bado, imetoka giza. Hapohapo, Mama Ikupa." Naye akakaa hapohapo.

Aliponyanyuka alikuwa amelibana jicho kwa kiganja. Akatapika kwenye zulia. Mtu mmoja, sitamtaja, yumo humu ukumbini, akasema, "Si nilisema? Ulanzi huo." Kiganja kilipoondoka jicho lilikuwa nje, jekundu lote, na safari hii halikurudi. Wakamlaza kwenye sofa, chali, bila mto, jambo ambalo kwa mishipa ile ni baya kama kuinama. Na zawadi zikaendelea, kwa kuwa walikuwepo ambao hawajapata. Clement alisema, "Bosi, huyu mtu anaumwa kweli." Akajibiwa, "Tunamaliza, Clement. Tunamaliza."

Tulimaliza. Kila mtu alipata kitenge chake. Jua lilikuwa linazama tulipomfikisha hospitali, na kesho yake akapelekwa Mbeya kwa daktari wa macho. Daktari alieleza kwamba mshipa ulikuwa umepasuka, na damu iliyomwagika imeubana mshipa wa fahamu unaoliwezesha jicho kuona. Angefikishwa mapema, alisema, pengine ubano ule ungepunguzwa kwa wakati. Alilisema kwa upole, akimtazama Baba, na Baba akatazama dirishani.

Leo jicho la kushoto la Mama Ikupa linaona mwanga, na kivuli cha mkono ukipita. Basi. Kuikata ile mishipa na kuitoa ni hatari, imejisokota na vitu vingine vya jicho kule nyuma. Kwa hiyo kilichobaki kinalindwa kwa njia ileile aliyoigundua mwenyewe Rujewa, isipokuwa sasa ameambiwa na daktari. Asiiname, asinyanyue mzigo, alale kwa mito miwili. Mshipa ukipasuka tena, hata huo mwanga utakwenda.

Kwenye ratiba mliyopewa mlangoni palichapwa kwamba anastaafu "kwa hiari". Si kweli. Alitaka kufika miaka sitini akiwa kazini, na alikuwa amebakiza minne. Ila kwa jicho moja hawezi kukisia kipandio cha ngazi kiko wapi, na mara mbili amekanyaga hewa. Wiki iliyopita nilimpa Baba karatasi hii, ilipokuwa imefika hapa. Aliisoma amesimama. Kisha akaketi, akavuta bunda la ratiba, akaanza kuyakata maneno yale mawili kwa kalamu, ratiba moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Mstari wa wino mnaouona ni wa mkono wake. Namshukuru kwa hilo na bado nina hasira naye. Sijui kama inaruhusiwa kuwa na vyote viwili, lakini ninavyo.

Kihesa, nilipomaliza kumsomea, nilimuuliza Mama Ikupa kama haogopi kuchekwa, sasa kila mtu akilijua jicho. "Wacheke tu," alisema. "Wakae upande wa kushoto, siwaoni." Mzee Jailos alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi nilishindwa. Nikasema nakwenda kuosha vikombe.

Kuna kitu kimoja Baba hakukikata. Karibu na mwisho wa ratiba imeandikwa, "Mstaafu kupokea baraka za Ba." Nilikwenda kwa Ba mwenyewe. Msidhani hampendi Mama Ikupa. Tangu Diwali kila akiomba humtaja, na anaamini baraka ile iliharibika, anataka kuitoa upya, nzuri, mbele ya watu. Nilimwomba ampe baraka Mama Ikupa akiwa amesimama.

"Mkono wangu haufiki kichwani kwa mtu aliyesimama, beta, mwanangu," alisema. "Na magoti yangu hayaninyanyui. Nitambarikije?"

"Mshike mkono, Ba."

"Hiyo ni salamu. Siyo baraka."

Kipengele kimebaki. Na mimi naogopa, kwa sababu namjua Mama Ikupa. Huyu tuliyemwita mwenye kiburi hana hata chembe yake. Angekuwa nacho kidogo tu angekuwa na macho mawili leo. Ataitwa kwenye kipaza sauti, mtapiga vigelegele, Ba atanyoosha mkono, na yeye ataona aibu kumkatalia mzee mbele ya ukumbi mzima. Atainama. Ndiyo maana nimeandika mpaka hapa, ili akiitwa, kila mtu humu awe ameshajua anaombwa kulipa nini.

Mama Ikupa, asante kwa watoto wote uliowasimamisha juu ya kreti. Asante kwa upindo wa vidole vinne. Asante kwa kunifundisha kuongea na wateja, mmoja mmoja, mimi ambaye hata mwalimu akiniita naangalia viatu. Tunakuombea mapumziko mazuri Kihesa, wewe na Mzee Jailos, usingizi wa mito miwili, na kila asubuhi mwanga wa dirishani uingie kwenye macho yote mawili. Kiti chako nimekiweka mwenyewe mstari wa mbele. Jina lako likiitwa, usinyanyuke. Ba ana wajukuu wa kumshika mikono, na kutoka kwenye kiti chake mpaka kwako si mbali. Akitaka kukubariki tutamleta. Na asipotaka, mama, ondoka bila baraka, lakini ondoka na jicho.